Nasaba ya Kukodi

"Mirasi wenu ni nani?"

Kwa swali hilo tuliachana wiki iliyopita, wasomaji wangu, na najua baadhi yenu mlilala nalo. Lilitoka sakafuni. Aliyeliuliza ni mzee Bagga, aliyekaa chini karibu na mlango ingawa kochi zima lilikuwa tupu, kwa maana mirasi hakai kochini mbele ya bwana wake. Kazi ya mirasi ni kuwahifadhi kichwani babu wa bwana wake na kuwataja mbele ya watu siku ya posa. Bagga alikuwa ametoka kuwataja babu wa ukoo wa Gondal, mmoja baada ya mwingine, mpaka wale waliokufa kabla reli haijafika Punjab, bila kumeza mate.

Sasa alimgeukia mwenye nyumba.

"Rana saheb, mimi wa kwetu nimewaleta wote, hata maiti. Wa kwenu wako wapi? Au mirasi wenu ana homa?"

Wageni walicheka. Rana Liaqat naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta kitambaa cha jasho.

Nyuma ya pazia la jikoni, binti yake Riffat alisimama na sinia la chai. Hakucheka. Kijana aliyekuwa akiposewa, Khizar, ndiye mtu pekee duniani ambaye Riffat alimtaka. Walikuwa wakifanya kazi pamoja katika maabara ya kupima udongo, na kwa miaka minne Riffat alikuwa amemngoja Khizar ampate baba yake Khizar katika hali nzuri. Siku yenyewe ilikuwa hii. Na siku hii ilikuwa imekwama kwenye koo la Liaqat.

Maana Rana Liaqat hakuwa na mirasi. Hakuwa hata Rana.

Mji mzima wa Faisalabad ulimjua kuwa ni Rana, yaani Rajput, mtu wa damu ya wafalme, mwenye banda la mashine za kufumia nguo. Waliojua ukweli ni watatu: yeye, mama yake mzee, na Riffat. Baba yake Liaqat aliitwa Fazal, na alikuwa julaha, mfumaji wa kijijini, wa kufuma kwa mikono na miguu ndani ya shimo la udongo. Na kijijini kwao mfumaji hakukaa kitanda kimoja na Jatt mwenye shamba, sembuse kumpa binti. Ajabu ya mambo, utajiri wa Liaqat ulitoka katika kazi ile ile ya baba yake, ila sasa kazi hiyo ilifanywa na umeme, na umeme hauna ukoo.

"Mirasi wetu yuko kijijini," Liaqat alisema mwishowe. "Mtu mzima, magoti yanamsumbua. Alhamisi atakuwa hapa."

Sinia lilitaka kumponyoka Riffat.

"Si kwamba tuna shaka," alisema Chaudhry Nawaz Gondal, baba yake Khizar, mtu mnene mwenye masharubu meupe yaliyopinda kama pembe za nyati. "Ila mama yake Khizar ana ndugu wengi, na ndugu wana midomo. Na mji huu umeharibika, Rana saheb. Mtu analala mfumaji, anaamka Rajput!"

"Tobaa!" alisema Liaqat.

"Mnamjua yule julaha aliyenunua ng'ombe?" alidakia Bagga kutoka sakafuni. "Alimlisha nyuzi nyekundu na nyuzi nyeusi mwezi mzima. Jirani akamuuliza, unafanya nini? Akasema, nangoja maziwa ya mistari!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Na aliyecheka kuliko wote, aliyejipiga mapaja mpaka machozi yakamtoka, alikuwa Liaqat mwana wa Fazal.

Riffat aliliweka sinia mezani jikoni. Chai ya vikombe vyote ilikuwa imemwagikia sinia.

*

Wageni walipoondoka alimkabili baba yake kabla hajavua koti.

"Baba, ulikuwa unacheka nini?"

"Mgeni akitania, mwenyeji anacheka. Ni adabu."

"Alikuwa anamcheka babu."

"Alikuwa anamcheka julaha. Babu yako hayumo."

"Baba! Mwambie Chaudhry ukweli. Sasa, kabla ya Alhamisi. Akikataa, akatae. Kuliko hivi."

Liaqat alikaa kitako. Wengi wenu mmeniandikia kwamba mtu huyu ni mwongo tu. Msikilizeni kwanza.

"Wewe umekulia kwenye vigae, Riffat. Mimi shuleni nilikaa nyuma, chini, peke yangu. Mwalimu alikuwa akisema, 'Mtoto wa julaha, kalia nyuzi zako.' Mvua ikinyesha paa lilivuja pale pale nilipokaa. Nilipohamia mjini, siku ya kwanza sokoni, mwenye duka mmoja aliniita 'Rana saheb.' Alikosea. Alinifananisha na mtu. Basi mimi sikumsahihisha. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote: sikumsahihisha mtu."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi niachie mimi."

Riffat aliondoka amekunja ngumi. Angefanya nini? Binti wa watu haendi mwenyewe kwa baba mkwe kueleza nasaba yake. Kazini aliweza kumwambia mkulima yeyote kwamba shamba lake limejaa chumvi, na mkulima akakubali. Nyumbani kwake hakuwa na hata neno moja la kuweka mezani.

*

Jumanne baba yake alirudi na mtu mwembamba mwenye meno ya tambuu, aitwaye Chiragh. Alikuwa mirasi kweli, wa kuzaliwa, ila mabwana zake walikuwa wamehamia ng'ambo, na sasa aliimba kwenye harusi yoyote iliyomwita. Liaqat alimkalisha mezani, akala naye sahani moja ya wali na nyama. Riffat aliwapakulia.

"Haji saheb," alisema Chiragh huku akilamba vidole, "nasaba za Rajput ziko mbili. Kuna ile fupi, ya watu wenye haraka, na kuna ile kamili."

"Tofauti yake?"

"Ile fupi inakutoa kwa mfalme mmoja. Ile kamili inakutoa kwenye jua lenyewe."

"Kamili!" Liaqat alipiga meza. "Usinipunguzie hata babu mmoja!"

"Kamili ina beti nzito, Haji saheb. Zina majivuno ya kale. Labda tuzichague..."

"Nimesema kamili. Kwani mimi naposewa binti kila siku?"

Chiragh alimtazama Riffat, kisha akaitazama sahani. "Mwenye kichwa ndiye mwenye kilemba," alisema, akaongeza wali.

*

Alhamisi asubuhi ilianza kwa ugomvi wa kupanda ngazi. Liaqat alitaka mama yake, Bebe Sardaran, abaki chumbani juu mpaka wageni waondoke. Kisa nini? Bebe hakuweza kuona kitambaa akakiacha. Angemshika Chaudhry pindo la kilemba, alisugue kwa dole gumba, aseme papo hapo, "Hii imefumwa kwa uvivu." Siri yote ingekwisha hapo.

"Mama, leo una homa."

"Sina homa."

"Leo unayo."

Bebe alimgeukia mjukuu wake. "Riffat, nishike paji. Nina homa?"

Riffat alimshika. "Huna, Bebe."

"Mtoto huyu amesoma, anajua." Bebe alijitengenezea mto. "Haya, nitaugua kwa ajili yako, mwanangu. Ila niambie. Mume wangu alikuwa na jina. Huyo mwimbaji wako atamtaja?"

"Atamtaja," Liaqat alijibu akiwa ameinama. "Rana Fazal Khan."

Bebe alicheka mpaka akakohoa. "Rana! Fazal wangu! Angekuwa hai angeuliza, huyo Rana ni nani, amekuja kuchukua shuka lake?" Kisha kicheko kikakatika ghafla, akawa anautazama ukuta. "Vilemba vya vijiji vitatu vilitoka mikononi mwake. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, Fazal, kaa. Na leo mwanawe ananifungia mlango mimi mjane wake."

"Sifungi, Mama. Naegesha tu."

Aliuegesha. Riffat akasimama kwenye ngazi, hajui ashuke au apande. Alitaka kupiga kelele. Kila mtu katika nyumba hii alikuwa akimfanyia yeye jambo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

*

Wageni walifika saa za alasiri. Safari hii Khizar alikuja nao, amenyoa, shati limenyooshwa, akiwa na haya kama desturi inavyomtaka mwana anayeposewa. Alipopita karibu na pazia la jikoni alinong'ona bila kugeuka, "Leo yataisha."

"Inshallah," Riffat alinong'ona naye.

Yaliisha, wasomaji wangu. Subirini muone yalivyoisha.

Chiragh aliingia amevaa kilemba kipya. Mtu aliyekula naye sahani moja Jumanne sasa alimwonyesha sakafu kwa kidole.

"Kaa chini, mirasi," alisema Liaqat, kwa sauti ambayo Riffat hakuwahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa sauti ya Chaudhry Nawaz. Ilikuwa, akafikiri, sauti ya yule mwalimu.

Chiragh aliketi kando ya Bagga. Wale mirasi wawili wakapimana kama majogoo. Kisha Chiragh akaziba sikio moja kwa kiganja, akaanza.

Haki lazima isemwe: mtu yule alijua kazi. Majina yalimtoka kama maji ya bomba. Rana huyu alimzaa Rana yule, huyu alijenga ngome, yule alimkatalia mfalme wa Delhi kodi, mwingine alisilimu mikononi mwa walii akiwa bado juu ya farasi. Aliimba:

"Rana ni mwana wa jua, jua halina mpinzani,
farasi wake wa kwanza alikunywa maji Multani..."

Chaudhry Nawaz alianza kutikisa kichwa. Bagga mwenyewe, bingwa wa kutafuta makosa, alisema "Wah!" mara moja, kisha mara ya pili. Nyuma ya pazia Riffat alijikuta anatabasamu. Uongo ulikuwa unavuka mto, na miguu yake ilikuwa mikavu!

Ndipo akamtazama baba yake kupitia upenyo, na tabasamu likamkauka.

Liaqat alikuwa analia. Machozi ya kweli yalikuwa yakimteremka mashavuni. Kidevu kilikuwa juu, mgongo umenyooka, macho yanaangalia mbali, kana kwamba anawaona wale farasi wakija. Mtu huyu alikuwa amewakodi babu zake juzi tu, na tayari alikuwa ameanza kuwaamini.

Chiragh akafika kwenye beti zile nzito.

"Binti zake kama nyota, shambani hazikutua,
mkono wa mshika plau hina yao haukujua!"

Chaudhry Nawaz aliacha kutikisa kichwa.

Bagga ndiye aliyesema kwanza. Aligeuza shingo polepole kama kobe. "Chaudhry saheb, masikio yangu ni ya kizee. Amesema mshika plau?"

Ukoo wa Gondal ni Jatt, watu wa ardhi, na plau ndiyo fahari yao. Masharubu ya Chaudhry Nawaz yalikuwa yanatetemeka.

"Amesema," alijibu. "Amesema binti zao hawaolewi na sisi."

"Ubeti tu huo, mabwana!" Chiragh alipata jasho papo hapo. "Ni maneno ya kale! Tunauimba kwa kila..."

"Nyamaza, mirasi!" alifoka Liaqat.

Chaudhry Nawaz aliinua mkono. Hapa nampa sifa yake, maana hakuwa mtu mbaya. Alivuta pumzi, akashusha sauti.

"Rana saheb, tusigombane kwa ajili ya wimbo. Wazee walikuwa na midomo mirefu, wenu na wetu. Wewe sema tu kwamba ni ubeti, hauna maana, nasi tunywe chai. Neno moja."

Neno moja! Riffat alilishika pazia kwa mikono yote miwili. *Sema, Baba. Sema ni wimbo. Ni wimbo kweli! Uliununua Jumanne!*

Liaqat aliyafuta machozi. Akakiinua tena kidevu.

"Chaudhry saheb," alisema, "ningependa sana. Lakini mtu anawezaje kuwakana babu zake?"

Riffat aliliachia pazia.

"Unasemaje?" aliuliza Chaudhry.

"Nasema umesikia mwenyewe. Vizazi vyote hivyo, hakuna aliyelivunja jambo hili. Mimi niwe wa kwanza? Itabidi nifikirie."

"Ufikirie! Mimi Nawaz Gondal nimekuja mara mbili kwenye kochi lako, nimekunywa chai yako iliyopoa, na wewe *ufikirie?*"

"Sina nia ya kumdharau mtu. Ila nasaba ni nasaba."

"Chiragh ndugu yangu," Bagga alimwambia mwenzake kwa sauti ya kila mtu kusikia, "siku nyingine nikikuomba chumvi, usinipe gunia."

Hakuna aliyecheka. Khizar alisimama, uso umemwiva, akatoka nje kuelekea uani. Mwiba wa kujidunga, wasema wahenga, hauambiwi pole. Lakini aliyedungwa hapa si yule aliyeushika mwiba.

*

Riffat alipita mlango wa jikoni, akamkuta kando ya pampu ya maji.

"Khizar."

"Baba yako ana wazimu?" Hakupandisha sauti, lakini ilikuwa inamkatika. "Tumekuwa watu wa chini yenu, siyo? Miaka yote hiyo, mbona hukuniambia kwamba ninyi ni wana wa jua?"

"Sisi si wana wa jua."

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Khizar, nisikilize. Yule mirasi ni wa kukodi. Baba alimtoa mjini Jumanne, akamlisha wali. Hatuna farasi, hatuna ngome. Babu yangu aliitwa Fazal, alikuwa mfumaji. Julaha. Sisi ni majulaha, Khizar. Baba yangu anawakataa ninyi kwa ajili ya babu wa watu wengine."

Alisema kwa haraka, kama mtu anayetapika, na alipomaliza alijisikia mwepesi. Sasa angecheka. Alimjua Khizar. Ndiye aliyewahi kusema, mikono yake imejaa tope, kwamba udongo hauulizi ukoo wa anayeulima. Angecheka, angesema, basi kumbe hakuna tatizo!

Khizar hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja. Mwenyewe hakuitambua hatua hiyo, lakini Riffat aliiona.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

"Nini?"

"Kwa nini umeniambia, Riffat? Kwa Rana ningepigana. Ningemwambia Baba, watu wakubwa wana maneno makubwa, tuvumilie, watalegea. Angevumilia. Ana kiburi, lakini angekipenda kile kiburi cha baba yako, angekiheshimu. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie jina langu."

"Si rahisi hivyo."

"Mwambie unamtaka Riffat. Mbona jina hilo ulikuwa unalijua?"

"Mimi sijali! Haki ya Mungu sijali. Wewe ni wewe. Lakini..."

"Lakini."

"Lakini kuna mama, kuna wajomba, kuna kijiji kizima. Dada zangu hawajaolewa. Watasema..."

"Hapo hapo, Khizar." Machozi yalikuwa yamemfika, akayakatalia. "Hapo kwenye hiyo 'lakini' yako ndipo babu yangu alipokaa maisha yake yote. Watu wote walimpenda Fazal. Wote walimsifu. Lakini."

Khizar aliishika pampu kana kwamba ardhi inayumba.

"Baba yangu anakukataa kwa sababu uko chini," Riffat aliendelea, "na wewe unanikataa kwa sababu niko chini. Mimi niko wapi? Nani kati yenu anaweza kunionyesha mahali nilipo? Nimepima udongo wa wilaya nzima, na sijui mahali pa kuweka mguu nyumbani kwetu!"

"Sijasema nakukataa."

"Hujasema chochote. Ndiyo ugonjwa wenu nyote. Baba yangu naye hakusema. Alifananishwa sokoni, akanyamaza, na leo anaimbiwa farasi."

Ndani kulisikika makochi yakisogezwa. Sauti ya Chaudhry Nawaz ilipita dirishani, nzito: "Bagga, ita gari. Tumetukanwa vya kutosha." Sauti ya Liaqat ikajibu kwa upole wa kuudhi, upole wa mtu mkubwa, kwamba chakula kiko tayari, kwamba hakuna uadui.

Waondoke? Wakiondoka sasa, hawatarudi. Jatt hapigi hodi mara tatu kwenye mlango uliomfungia. Riffat alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Lakini angefanya nini? Kama angeingia na kusema ukweli, angemvua baba yake nguo mbele ya wageni, mzee yule ambaye utotoni alikaa chini ya paa linalovuja. Kama angenyamaza, uongo ungemfunga ndani ya nyumba ile mpaka azeeke, binti wa jua, asiyeolewa na mtu. Ulimi wake ulikuwa na maneno mawili tu, na kila neno lilikuwa na damu ya mtu.

"Khizar," alisema polepole, "nimekuambia wewe. Sikumwambia mtu mwingine. Chochote utakachofanya, kumbuka nilikuambia wewe kwa sababu gani."

Khizar alimtazama. Usoni mwake kulipita kitu ambacho Riffat, pamoja na miaka yote minne, hakukijua. Kilikuwa hasira? Kilikuwa uamuzi? Aliiachia pampu.

Kisha akampita, bega likigusa bega, akaingia jikoni, akalivuta pazia kwa nguvu hadi likatoka kwenye fimbo yake.

Riffat alimkimbilia. "Khizar! Ngoja!"

Hakungoja. Sebuleni wote walikuwa wamesimama. Chaudhry Nawaz alikuwa tayari mlangoni, Bagga ameshika fimbo yake, Chiragh amejikunja pembeni na kilemba mkononi. Katikati alisimama Rana Liaqat, mikono nyuma, kidevu juu, mfano wa mfalme anayewasindikiza mabalozi.

"Baba, usiondoke," alisema Khizar.

"Twende, mwanangu. Hapa hatutakiwi."

"Usiondoke, nimesema! Kuna jambo Riffat ameniambia sasa hivi." Sauti yake ilitetemeka, ikasimama. "Hawa si Rana. Hawajapata kuwa Rana hata siku moja."

Bagga aliiangusha fimbo.

Liaqat hakumtazama Khizar. Hakumtazama Chaudhry, wala mirasi, wala mtu mwingine yeyote. Alimtazama binti yake, aliyesimama penye mlango usio na pazia, na kidevu kile kikashuka polepole, kikashuka, mpaka uso wake ukawa tena uso wa mtoto anayengoja kuambiwa akae wapi.

Riffat alipiga hatua moja kumwendea.

Chaudhry Nawaz aliufunga mlango kwa ndani. Alirudi hadi katikati ya chumba, akalivuta kochi lililo mbele ya mwenye nyumba, akaketi, akaweka mikono miwili juu ya magoti.

"Endelea, Khizar," alisema.